MSHAHARA NA RIZIKI YA MFANYAKAZI

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema nanyi juu ya jambo liingialo katika nyumba zetu nyingi, yaani mshahara wa kima cha chini.

Yafaa asili yake ijulikane. Serikali ya kikoloni ilipoupima mshahara huu, ilimhesabu mfanyakazi kuwa kapera: chakula chake, nguo yake na mahali pa kulala. Mke na watoto waliachiwa shamba la nyumbani liwalishe. Wafanyakazi wa Mombasa waligoma Januari 1947 wakidai ujira wa kutosha maisha. Na mwaka 1954 kamati ya Bwana Carpenter ilikubali kwamba mshahara wapasa kumtosha mtu pamoja na jamaa yake.

Miaka zaidi ya 70 imepita. Tazameni hesabu. Kwa amri iliyoanza Novemba 2024, mfanyakazi wa kawaida wa Nairobi au Mombasa aliwekewa Sh. 16,113.75 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Mwaka 2025, katika kila Sh. 100 alikatwa Sh. 6 za akiba ya uzeeni, Sh. 2.75 za matibabu na Sh. 1.50 za ujenzi wa nyumba. Salio ndilo la kodi, unga, makaa, nauli na vitabu vya watoto. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Lakini wengi wetu twachumia juani, na kulia ni juani vile vile.

Hata hivyo wako walio chini zaidi: wale waitwao vibarua mwaka hata mwaka, waandikwao asubuhi na kufutwa jioni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zitimizazo mwezi, huyo si kibarua wa siku tena. Ahesabiwe kuwa wa mwezi, na astahili ilani ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Haki hiyo hupotea kwa sababu mbili: kukosa ushahidi, na hofu ya kufukuzwa.

Kwa la kwanza, kila mmoja na aandike katika daftari siku alizofanya kazi na fedha alizopokea, wala asifute ujumbe wa malipo katika simu yake. Kwa la pili, mtu peke yake ni mnyonge. Kwa hiyo naomba mkutano huu uchague wanachama wawili wa kumsindikiza kila mwenye shauri hadi kwa Afisa wa Kazi au chama chake cha wafanyakazi, ili asisimame mbele ya tajiri wake akiwa pekee.

Kima cha chini ni mpaka ambao mwajiri hana ruhusa ya kushuka chini yake. Kuupita kwa wema hakuna sheria imkatazayo. Nasi tusikubali hata hicho kidogo kipunguzwe.