Kwa Nini Askari Aliyekwisha Kuachishwa Hufuata Vita vya Wageni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kurasini)



Hapa Kurasini twaziona meli kila siku ziingiapo bandarini. Leo napenda kuwakumbusha watu walioletwa pwani hii kwa meli mwaka 1889, waje kupigana vita visivyowahusu.

Mwaka 1882 Waingereza waliishinda Misri, na jeshi la nchi ile likavunjwa. Baadaye askari wengi wa Kisudani walikuwa Kairo bila kazi, nao wana wake na watoto wa kulisha. Hermann von Wissmann, Mjerumani, alipofika huko kutafuta askari wa kupigana na Abushiri, Wasudani wapatao 600 walikubali mapatano. Mwezi wa Mei 1889 walilivunja boma la Abushiri karibu na Bagamoyo. Desemba Abushiri alinyongwa Pangani.

Watu wa Bagamoyo hawakuwa wamewakosea Wasudani wale neno lo lote. Basi walijia nini? Mshahara ulikuwamo, hapana shaka. Lakini fikirini: wengi wao hapo kwanza walitiwa jeshini kwa nguvu, kama watumwa, mara hii walikwenda kwa hiari. Mtu aliyefundishwa bunduki tangu ujana, asiye na shamba wala duka, na kwao ni mbali, jeshi ndilo kabila lake. Amwitaye tena kwa cheo chake humrudishia heshima yake.

Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 1917, Waingereza walipounda kikosi cha 6 cha Keya, yaani K.A.R. Wengi walioandikwa humo walikuwa askari wa Mjerumani. Bendera waliyoipiga risasi jana, leo waliipigia saluti.

Sisi makarani tusiwacheke. Mtu aliyeshika kalamu miaka thelathini, akisha kurudisha funguo za ofisi, huamka alfajiri akavaa, kisha akakumbuka kwamba hana aendako. Kalamu haiui mtu. Lakini mwenzake wa bunduki akiwa katika hali hiyo humfuata ye yote amwitaye, na hasara huwapata watu wa mji asioujua.

Neno langu ni moja. Kiinua mgongo hulisha tumbo, lakini hakimpi mtu kazi. Chama chetu kiwaandike wanachama waliostaafu, kiwaombe wawafundishe vijana hesabu na barua, na kukagua vitabu vyetu vya fedha. Asiyeitwa na wenziwe ataitwa na wengine.