MIKONO ILIYOPISHANA
Dominika ya Nne ya Kwaresima, Mwaka A



Somo la kwanza la Dominika hii latupeleka Bethlehemu, nyumbani kwa mzee Yese. Nabii Samweli amefika na pembe ya mafuta, ampake mmoja wa wana wa mzee huyo awe mfalme. Anapomwona Eliabu, kifungua mimba, kijana mrefu wa kupendeza, anadhani kazi imekwisha. Mungu anamkataza. Wana saba wanapita, wala hakuna aliyechaguliwa. Ndipo anapoitwa kitinda mimba, Daudi, ambaye hata baba yake hakuona haja ya kumwita, akamwacha machungani na kondoo.

Msomaji wa Agano la Kale amekwisha kuizoea habari ya namna hii. Sadaka ya Abeli ilipokelewa, na Kaini ndiye aliyekuwa mkubwa. Isaka alipewa agano, ingawa Ishmaeli alimtangulia kuzaliwa. Yakobo alimpita Esau. Musa aliongoza taifa, na Haruni, aliyemzidi umri kwa miaka 3, akawa msemaji wake. Basi twajiuliza: Je, Mungu anawachukia wazaliwa wa kwanza?

La, hasha. Sheria yake yenyewe iliwalinda. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, chaamuru kwamba mzaliwa wa kwanza apewe sehemu mbili za mali, hata kama mama yake hapendwi na mumewe. Baba hana ruhusa kuihamisha haki hiyo na kumpa mtoto wa mke anayempenda. Kwa hiyo tusizichukue habari za Isaka na Daudi kuwa kibali cha kumnyima mtoto urithi wake. Shamba na mifugo vyafuata haki. Baraka ya Mungu ni jambo jingine.

Ili kulielewa jambo hilo, twende Misri, katika sura ya 48 ya Kitabu cha Mwanzo. Yakobo ni mgonjwa, karibu kufa. Ataaga dunia akiwa na miaka 147. Yosefu anamletea wanawe wawili, Manase na Efraimu, waliozaliwa ugenini. Kwa kuwa macho ya mzee yamefifia, Yosefu anawapanga vema: Manase, mkubwa, aelekee mkono wa kuume wa babu yake, na Efraimu mkono wa kushoto. Lakini mzee anaipishanisha mikono yake: wa kuume juu ya kichwa cha mdogo, wa kushoto juu ya kichwa cha mkubwa. Yosefu anachukizwa, anaushika mkono wa baba yake ili auondoe. Mzee anakataa. Anamjibu mwanawe kwamba anajua analolifanya. Mkubwa naye atakuwa taifa kubwa, bali mdogo atamzidi.

Tutafakari hapo, wapendwa. Miaka mingi nyuma, Isaka naye alikuwa mzee asiyeona, naye alimbariki mdogo badala ya mkubwa. Lakini Isaka alidanganywa kwa ngozi za mbuzi na mavazi ya Esau. Mdanganyifu alikuwa Yakobo huyu huyu, na aliulipia sana udanganyifu wake: miaka 20 ya utumishi kwa Labani, aliyemwoza Lea usiku badala ya Raheli, kisha akamwambia kwamba kwao mdogo haozwi kabla ya mkubwa. Sasa Yakobo amekuwa kipofu kama baba yake, lakini hakuna anayemdanganya. Amejifunza kwamba baraka aliyoitafuta kwa hila ilikuwa zawadi tangu mwanzo. Kipofu wa Injili ya leo aliona waliposhindwa kuona Mafarisayo wenye macho; na mzee huyu aliona alichoshindwa kukiona Yosefu.

Sababu ya kwanza ya mikono hiyo kupishana, basi, ni hii: baraka hairithiwi kama ng'ombe. Mkubwa angeweza kusema, “Hii ni haki yangu kwa kuzaliwa.” Mdogo hana la kusema ila asante. Na Israeli yote ilikuwa mdogo huyo. Musa aliwakumbusha kwamba Mungu hakuwachagua kwa wingi wao, maana walikuwa wachache kuliko mataifa yote. Hata hivyo, mbele ya Farao, Mungu aliwaita watumwa hao mwanawe, mzaliwa wake wa kwanza.

Sababu ya pili: anayebarikiwa hubarikiwa kwa ajili ya wengine. Yosefu aliinuliwa juu ya kaka zake, na siku ya njaa ndiye aliyewalisha. Daudi alitoka kwenye kondoo akapewa watu wa kuwachunga. Baraka isiyomfikia ndugu huoza. Kabila la Efraimu lilimtoa Yoshua mwana wa Nuni, likawa na nguvu hata ufalme wote wa kaskazini ukaitwa kwa jina lake. Lakini Isaya asema kwamba Efraimu na Manase walifikia kulana wao kwa wao; na yapata mwaka 722 kabla ya Kristo, Waashuri waliuteka Samaria, mji mkuu wa ufalme huo. Mkono wa kuume wa babu haukuwakinga waliomsahau Mungu.

Na yule aliyewekewa mkono wa kushoto? Hakuachwa. Alipohitajika mtu wa kuwaokoa Israeli na Wamidiani, Mungu alimchukua Gideoni, wa kabila la Manase. Ishmaeli alisikiwa kilio chake jangwani, akawa baba wa wakuu 12. Wana wa Esau walipewa milima ya Seiri, na Israeli wakakatazwa kuigusa nchi hiyo.

Wako miongoni mwetu wazaliwa wa kwanza wanaoujua uchungu wa Esau. Wazee wetu walisema, “Mkubwa ni jalala”: kila mzigo hutupwa kwake. Yupo dada aliyeacha shule ili wadogo zake wasome; leo wadogo hao wana kazi na nyumba, naye yuko kijijini na jembe lake, na hakuna anayekumbuka kumjulia hali. Mama, kaka, msidhani kwamba Mungu ameyapa maisha yenu mkono mtupu. Mikono yote miwili ya Yakobo ilibariki. Nanyi wadogo mliopita mbele, jiulizeni leo hii: baraka yenu imemfikia nani nyumbani? Na wazazi tukumbuke kanzu ya Yosefu. Mapendeleo ya baba ndiyo yaliyoipanda chuki ile iliyomuuza kijana Misri.

Tertullian wa Karthago, mwandishi wa Kanisa katika Afrika ya Kaskazini, aliiona katika mikono ile iliyopishana ishara ya Kristo. Nasi tuitazame hivyo katika Kwaresima hii. Msalabani yumo Mwana wa pekee, ambaye Mtakatifu Paulo amwita Mzaliwa wa kwanza kati ya ndugu wengi. Yeye alikuwa na kila haki ya mkono wa kuume. Hakuing'ang'ania. Alikubali kuwa wa mwisho, ili sisi tuliokuja nyuma tuingie nyumbani kwa Baba pamoja naye. Katika nyumba hiyo mkubwa hawezi kumwonea mdogo kijicho, wala mdogo hawezi kumdharau mkubwa, kwa maana wote wamepokea bure.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote, wakubwa kwa wadogo: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.