Usukani wa Baiskeli ya Kuunga

Leo twazungumza juu ya baiskeli inayoundwa kwa vipande: fremu kutoka huku, magurudumu kutoka kule. Rangi na kengele zaweza kungoja. Usukani haungoji. Mtu akiteremka mlima na mikungu miwili ya ndizi nyuma, huo ndio unaomweka njiani.

Inua gurudumu la mbele, ugeuze usukani polepole. Ukikwama kidogo pale katikati, gololi zimechimba vishimo katika vikombe vyake. Fundi atakuambia, "Tubadili gololi tu." Usikubali, gololi mpya zitakaa katika vishimo vile vile. Nunua vikombe pia, utie na grisi. Ukiisha kukaza, shika breki ya mbele, usukume baiskeli mbele na nyuma. Isigonge.

Kisha tazama uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu. Kama ulipinda ukanyooshwa kwa nyundo, uache, hata ukiuzwa rahisi. Mimi nilinunua wa namna hiyo. Ulikatika nikienda polepole, namshukuru Mungu.

Tena, shina la usukani huwa na alama ya mwisho wa kulivuta juu. Watu warefu hupenda kulipandisha. Alama ile isionekane kamwe.