Ndege Inalala Wapi?

 

Naanza na swali ambalo wakala yeyote wa tiketi katika stendi ya Nane Nane angelijibu kabla sijalimaliza: gari linalala wapi? Basi la Mbeya kwenda Dar ambalo mwenyewe yuko hapa, hulala hapa. Alfajiri linatoka na watu wa hapa. Jioni linaingia Dar, dereva analala, kesho yake linarudi. Mwenye mabasi mawili huyapanga yakapishana katikati ya safari, maeneo ya Kitonga, na kila asubuhi ana gari moja linalotoka kila upande. Hajasomea uchumi wa usafirishaji. Anajua tu kwamba abiria wa alfajiri hununua tiketi ya gari analoliona limeegeshwa tangu jana.

Sasa tujiulize hivyo kuhusu uwanja wetu wa Songwe. Ndege inalala wapi? Inalala Dar es Salaam. Tangu uwanja ulipofunguliwa Desemba 2012 tumebishana juu ya mambo mengi, urefu wa njia ya kurukia, ukubwa wa jengo la abiria, heshima ya kuitwa uwanja wa kimataifa, na hilo la malazi ya ndege sijasikia likiulizwa kwa sauti katika kikao chochote cha mkoa nilichoalikwa. Mhadhara wangu wote umo ndani ya swali hilo.

Niwarudishe nyuma kidogo, maana Mbeya imewahi kupata ruti kubwa kuliko hii ya Dar na ikaipoteza. Mwaka 1932 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilifungua safari ya London hadi Cape Town, safari ya siku 11. Baada ya Nairobi ndege ilitua Moshi, Dodoma, halafu Mbeya, kisha ikavuka kwenda Mpika na Broken Hill, mji unaoitwa Kabwe siku hizi. Mbeya wakati huo ulikuwa mji mchanga, uliochipuka miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa. Mji wa vibanda vya wachimbaji, na ndege ya kutoka London inatua! Lakini ndege za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kwenda mbali bila kujaza mafuta, na sisi tulikuwa pale mafuta yalipokaribia kwisha. Ndiyo sababu kubwa.

Mwaka 1937 shirika likabadilisha ndege. Likaleta zile kubwa za kutua majini, na ndege ya majini haina shughuli na milima ya Mbeya. Kutoka Kisumu ruti ikashuka Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, ikaendelea na pwani ya Msumbiji hadi Durban. Lindi ikapata, Mbeya ikakosa. Hakuna mtu wa Mbeya aliyekuwa amekosea chochote. Dhahabu ilikuwepo, uwanja ulikuwepo. Kilichobadilika ni aina ya ndege, na uamuzi ulifanyika mbali sana na hapa. Nawaomba mlikumbuke jambo hilo, kwa sababu limejirudia mara mbili katika miaka hii tuliyoishuhudia wenyewe.

Mara ya kwanza ni fastjet. Waliokuwepo wanakumbuka. Shirika lile lilianza kuruka nchini Novemba 2012 kwa Airbus A319 zenye viti 156, likitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na mwaka 2013 likaja Songwe. Watu waliokuwa hawajawahi kufunga mkanda wa ndege walipanda. Uwanja wa zamani kule mjini, uliobanwa na nyumba na milima, usingeweza kuipokea ndege ile, Songwe iliweza. Njia yake ina mita 3,330. Ile kuu ya uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ina mita 3,000. Ndiyo, tumewazidi, ila msishangilie sana: tuko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ndege inahitaji kukimbia zaidi chini kabla ya kunyanyuka.

Fastjet ilibadilisha ndege, ikaleta Embraer ndogo zaidi, ikahangaika na hesabu zake, na mwishoni mwa 2018 safari zake za hapa nchini zikafikia ukingoni. Viti vikaondoka, abiria aliyezoea akarudi stendi.

Mara ya pili ni hii ya shirika la taifa, ATCL. Mwaka 2016 zilikuja ndege za pangaboi aina ya Q400, viti 76. Desemba 2018 ikaja A220, viti 132. Mji ulifurahi kuona jeti. Mimi pia nilifurahi, nikapiga picha. Baadaye, kuanzia 2022, injini za A220 zikaanza kusumbua, na si kwetu peke yetu. Mashirika duniani kote yaliegesha ndege za aina hiyo yakisubiri injini kutoka kiwandani. Ndege zikipungua, mpanga ratiba hukata mahali. Hukata wapi? Hukata mwisho wa tawi, palipo mbali na kitanda cha ndege.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo tunapojidanganya. Tunapima ukuaji wa uwanja kwa ukubwa wa ndege inayotua. Chukua A220 moja kwa siku: viti 132 kwenda. Chukua Q400 mbili, moja asubuhi na moja jioni: viti 152. Tofauti ya viti ni ndogo, lakini kwa mfanyabiashara wa Mwanjelwa hizo ni dunia mbili tofauti. Ndege moja ya saa saba mchana inamfikisha Dar saa tisa kasoro, benki zinakaribia kufunga. Analala hotelini, kesho anashughulika, na ndege ya kurudi ilishaondoka asubuhi, kwa hiyo analala tena. Siku tatu na hoteli mbili kwa kazi ya saa nne. Mwenzake wa Kariakoo anayekuja Mbeya huondoka asubuhi, na akibahatika siku yenye ndege mbili hurudi jioni ileile. Umbali ni uleule, takriban kilomita 690 kwa anga. Nauli ni ileile. Anayebebeshwa gharama ya ziada ni yule ambaye ndege haikulala kwake.

Ndipo utaelewa kwa nini basi la usiku limekuwa mshindani mkubwa kuliko tulivyotarajia. Serikali iliporuhusu tena mabasi kutembea usiku mwaka 2023, baada ya miongo mitatu ya katazo, mtu wa Mbeya alipewa kitu ambacho ndege haijampa: anaondoka jioni baada ya kufunga duka, anaamka Dar. Anachoka, ndiyo. Shingo inauma. Lakini hajapoteza siku wala hajalipa hoteli. Wataalamu wa anga hulinganisha saa moja na nusu ya ndege na saa kumi na mbili au zaidi za barabara, wakashangaa kwa nini ndege haijai. Abiria analinganisha siku za kazi alizopoteza. Na kabla hajafika uwanjani, aongeze zile kilomita ishirini na ushee za kutoka mjini nyuma ya malori ya Tunduma, akishuka Iwambi na Mbalizi. Barabara ya njia nne kutoka Nsalaga itasaidia. Kwa sasa mtu wa Uyole anatoka nyumbani kama vile ndege iko Makambako.

Mtaniambia: Profesa, umesahau mizigo. Parachichi! Sijasahau. Kila kongamano la uwekezaji la Nyanda za Juu Kusini lina picha ya parachichi na picha ya ndege katika ukurasa mmoja. Naomba radhi kwa waandaaji, lakini parachichi la Rungwe na Njombe halihitaji ndege. Ni tunda zito, la bei ya wastani kwa kilo, na likichumwa vizuri na kuwekwa kwenye kontena la baridi linavumilia majuma kadhaa baharini. Linalohitaji ni umeme wa uhakika kwenye vyumba vya baridi, barabara, reli na bandari. Reli ya TAZARA inapita hapahapa. Kinachopanda ndege ni kile kinachokufa au kunyauka haraka, au chenye thamani kubwa kwa uzito mdogo: maua, mboga laini, chanjo, vipuri, vifaranga vya siku moja. Tazameni vizuri orodha hiyo. Chanjo, vipuri na vifaranga ni vitu vinavyoingia Mbeya. Vinavyotoka bado ni vichache. Ndege ya mizigo ya ATCL, ile Boeing 767 iliyopokelewa 2023, inabeba zaidi ya tani 50. Haiwezi kuja hapa kujazwa nusu na kurudi. Kwa miaka ya karibuni mzigo wa Songwe utasafiri tumboni mwa ndege ya abiria, kwa hiyo tukitaka mzigo tupate kwanza ratiba.

Nirudi kwenye kitanda. Kwa nini ndege hailali hapa? Miaka ya mwanzo jibu lilikuwa rahisi: Songwe ulikuwa uwanja wa mchana. Bila taa, ndege ilipaswa kuondoka kabla giza halijaingia, na jua letu huzama karibu saa moja jioni. Taa zilipokuja, jibu lilibaki la fedha. Ndege ikilala hapa, marubani na wahudumu wanalala hapa. Kuna hoteli, gari, posho, mlinzi, fundi wa kuikagua alfajiri. Mafuta ya ndege yanapanda kwa lori kutoka Dar, hivyo mara nyingine ni nafuu ndege kuja na mafuta ya kurudia, na kila tani ya mafuta ya akiba inakula nafasi ya mzigo. Ndege inayolala Dar inakuwa karibu na karakana. Ikipata hitilafu, inabadilishwa. Ikipata hitilafu hapa alfajiri, watu 76 wanakaa kwenye viti vya chuma wakingoja fundi.

Sababu hizo ni za kweli na sizidharau. ATCL, kwa mujibu wa ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, CAG, ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 katika mwaka wa fedha 2022/23. Shirika lenye hesabu za namna hiyo halitaongeza gharama kwa sababu profesa mmoja wa Mbeya ameomba kwa adabu. Marekani, walipolegeza udhibiti wa anga mwaka 1978, waliona mapema kwamba miji midogo itaachwa, wakaweka ruzuku ya wazi: ruti inatajwa, idadi ya safari inatajwa, fedha inatajwa. Mpango wao una walalamikaji wengi na baadhi ya ndege huruka karibu tupu. Ninachokipenda ni uwazi wake. Sisi tunalipa ruzuku pia, kwa kuwa ndege zilinunuliwa na serikali na shirika likazikodi, ila hatujui ni shilingi ngapi imeenda kwenye ruti ya Songwe na imenunua saa gani ya kuondoka.

Kuna njia nyingine isiyosubiri Dodoma. Viti 76 ni basi moja na nusu. Asilimia 60 ya viti hivyo ni watu 46, basi ambalo halijajaa. Kutoka mkoa huu, Songwe, Njombe na Rukwa, siku ya Jumatatu alfajiri, watu 46 wenye kazi Dar wapo: mabenki, kampuni za chai na kahawa, hospitali, vyuo, halmashauri zinazoitwa vikaoni kila juma. Wakikaa pamoja wakanunua viti kwa mkupuo wa miezi sita, siku mbili kwa juma, shirika litakuwa na hesabu ya kuweka mezani. Nasisitiza lifanyike mapema, kwa sababu viwanja vya Iringa na Sumbawanga vimekuwa vikiboreshwa, na abiria wa Njombe na wa Rukwa hatutakuwa naye milele.

Bado kuna pingamizi moja, la ukungu, nalo lina kisa. Miaka michache iliyopita nilikuwa ndani ya ndege, ya shirika nisilolitaja, asubuhi ya masika. Tulifika juu ya Songwe, tukazunguka. Chini palikuwa pamba tupu, kilele cha mlima kimejitokeza kama kisiwa. Tukazunguka tena. Kisha rubani akasema tunarudi Dar. Jirani yangu, bibi wa Kyela mwenye kikapu magotini, aliniuliza: “Mwanangu, imeiona Mbeya ikaiogopa?” Nikamwambia, bibi, haijaiona, ndiyo maana inaogopa. Akacheka, kisha akanyamaza hadi Dar.

Wapinzani wa hoja yangu husema: unataka ndege ya alfajiri katika mji wa mawingu? Niliwauliza marubani. Kutua kunahitaji rubani aione njia kutoka mbali, akiwa juu, akishuka kwa kasi. Kupaa kunahitaji aione taa zilizo mbele yake akiwa tayari amesimama juu ya lami, na kiwango cha chini cha mwonekano kwa kupaa kwa kawaida ni kidogo kuliko cha kutua, mradi kuna uwanja mwingine wa kukimbilia ikitokea dharura. Asubuhi ile ya yule bibi, chini ya pamba ile, kulikuwa na abiria waliokaa tangu saa kumi na mbili wakingoja ndege yetu itue ndipo iwachukue. Kama ndege nyingine ingekuwa imelala pale, huenda wangekuwa wameshaondoka kabla sisi hatujafika Kitonga.