Njaa ya Moyo Haishibi kwa Tumbo

HOTUBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuruzuku na Mwenye kuponya. Tunashuhudia kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kuwa Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na Aali zake, na Sahaba zake, na kila afuataye mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani na mabwenini, tunakuusieni, pamoja na kujiusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mungu ni kuitunza amana ya mwili Aliyotukabidhi, kwani kila mwenye amana ataulizwa aliitendaje.

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo aghlabu halitajwi mimbarini, kwa kuwa hudhaniwa ni dogo. Nalo ni mtu kula pasipo njaa. Kula kwa sababu moyo umeumia, au umeingiwa na hofu, au umechoka, au umekaa mtupu kwa upweke. Tumbo halikuomba kitu, lakini mkono umekwisha kufunua chungu.

Hapa Mollo, na kote juu ya uwanda wa Ufipa, Mwenyezi Mungu ametujaalia neema ya shamba. Nchi yetu iko juu, mvua zake huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hata Aprili, na ardhi hutupa mahindi, maharage, ulezi, alizeti na ngano. Magari huteremka kutoka huku yakipeleka nafaka yetu kwa watu wa mbali. Lakini, ndugu zetu, ghala lililojaa halikuondoa huzuni nyumbani. Mkulima huvuna magunia yake, kisha huona bei ikishuka wakati ule ule ambapo kila jirani naye anauza. Mama huzika mumewe, na watoto wakubwa wamekwisha kwenda Mbeya na Dar es Salaam kutafuta maisha. Mwanafunzi hukesha akingoja mtihani ambao ukoo mzima umeuwekea matumaini. Na baridi ya Juni na Julai hutukalisha sote ndani, karibu na jiko. Basi katika hali hiyo kitu kilicho karibu kuliko vyote ni chakula, na kitu kilicho mbali ni mtu wa kuzungumza naye.

Natuchukue mfano. Yuko mama mjane. Siku za matanga nyumba yake ilijaa watu. Baada ya hapo kila mtu alirudi kwake. Usiku anasikia kimya cha nyumba, naye huamka, akachemsha chai, akatia sukari vijiko vinne, akala maandazi yaliyobaki, kisha ugali wa jioni. Kwa dakika chache moyo hupoa. Halafu huzuni hurudi palepale ilipokuwa, na safari hii imekuja pamoja na aibu. Kesho anaficha sahani ili mjukuu asijue. Mama huyu si mlafi, wala hakuacha dini. Huyu ni mtu mwenye msiba ambaye hakupata pa kuutua.

Mabingwa wa tiba wameeleza namna jambo hili linavyotendeka. Mtu anapokaa na dhiki kwa muda mrefu, mwili wake hutoa homoni ambazo humfanya atamani vitu vitamu na vyenye mafuta. Vitu hivyo humtuliza kweli, lakini kwa kitambo kidogo, na kwa sababu vimemtuliza jana, leo nafsi huvidai tena. Hivyo ndivyo desturi inavyoota mizizi. Wameeleza pia kwamba habari ya kushiba huchukua kiasi cha dakika 20 kufika katika ubongo. Basi alaye kwa haraka, akiwa na mawazo, hupita mpaka wake kabla ya kujua kuwa ameufikia.

Na madhara yake si hadithi. Uchunguzi wa taifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulikuta kwamba miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, kiasi cha asilimia 9 walikuwa na ugonjwa wa kisukari, na kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu. Na katika mkoa wetu huu huu wa Rukwa, ulio miongoni mwa maghala ya taifa, uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta kuwa karibu nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mambo haya mawili hayana chanzo kimoja, lakini yanatufundisha somo moja: kujaza tumbo si kulisha mwili, na wingi wa chakula si afya.

Ndugu Waislamu, je, dini yetu yasemaje? Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, tule na tunywe wala tusipite kiasi, kwa kuwa Yeye hawapendi wapitao kiasi. Naye Mtume wetu (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Al-Miqdam bin Ma'dikarib, ametufunza kuwa mwanadamu hajazi chombo kilicho kibaya kuliko tumbo lake, kwamba yamtosha matonge machache ya kumsimamisha mgongo, na ikiwa hapana budi kuzidisha, basi theluthi moja iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi.

Lakini asije mtu akadhani kuwa Uislamu umekataza chakula kisiwe faraja. Sikilizeni habari ya Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alipofiwa na mtu wa jamaa yake, na wanawake wakakusanyika kisha wakatawanyika wakabaki wa nyumbani na walio karibu, yeye huamuru chungu cha talbina kipikwe, nao ni uji mwepesi wa shayiri. Huwaambia wale, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa uji huo huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Na ilipofika habari ya kuuawa Sayyidna Ja'far katika vita vya Muta, mwaka wa nane wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwaamuru watu wawapikie chakula jamaa wa Ja'far, kwani limewafika la kuwashughulisha.

Tazameni vizuri, ndugu zetu. Chakula kimekubaliwa katika huzuni. Lakini ni chakula cha namna gani? Ni chepesi, mfano wa uji wetu wa ulezi. Kinaliwa na watu walioketi pamoja, si mtu mmoja gizani. Hupikwa kwa ajili ya mfiwa na wale wanaomhurumia. Tena kina wakati wake, kisha hukoma. Na hata hivyo Mtume (S.A.W.) amesema kuwa huondoa sehemu ya huzuni, hakusema kuwa huiondoa yote. Sehemu iliyobaki ina dawa nyingine, nayo haimo chunguni.

Dawa ya kwanza ni kuitambua njaa iliyokujia. Njaa ya tumbo huja polepole, hukubali ugali na maharage, na ukishiba huondoka. Njaa ya moyo huja ghafla, hutaka kitu maalumu, na ukishiba haiondoki. Basi kabla hujanyosha mkono, simama kidogo ujiulize: Nimekula lini? Nini kimenipata leo? Nani amenikasirisha? Na ukilijua jambo, lipe jina lake. Nabii Yakub (A.S.) hakuficha huzuni yake, bali alimshitakia Mola wake. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele za watu, akaeleza kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila la kumridhisha Mola. Machozi si upungufu wa imani.

Dawa ya pili ni Sala na dhikri. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) likimpata jambo zito alikuwa akikimbilia Sala. Na Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Ar-Ra'd, aya ya 28, kuwa nyoyo hutua kwa kumkumbuka Yeye. Basi saa ile ya usiku nafsi inapokuita jikoni, itangulize kwenye birika. Maji ya Ufipa ni ya baridi, nayo humwamsha mtu kweli! Tawadha, sali rakaa mbili, omba kwa lugha yako unayoijua. Mara nyingi utakapoinuka utakuta ile tamaa imepungua au imekwisha. Na ikiwa kweli una njaa, kula. Hapana lawama juu yako.

Dawa ya tatu ni kuupa mwili na mikono kazi yenye furaha. Sahaba Salman alimkuta ndugu yake Abu Dardaa amezama katika ibada hata akaisahau nafsi yake na mkewe, akamkumbusha kuwa Mola ana haki, na nafsi ina haki, na ahali wana haki, na Mtume (S.A.W.) alisema kuwa Salman amesema kweli. Naye Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha. Basi furaha ya halali si upuuzi. Wazee wa nchi hii walikuwa wafumaji wa nguo za pamba na wafua chuma. Mikono yao ilikuwa na kazi hata baada ya mavuno. Nasi tunayo mengi: bustani ya mchicha na majani ya maboga nyuma ya nyumba, kushona na kudarizi kofia, kujifunza kasida, kucheza mpira jioni, kutembea kwa miguu hali ukitazama milima ya Mbizi. Shirika la Afya Duniani lawashauri watu wazima waushughulishe mwili kwa dakika 150 angalau kila wiki. Hizo ni nusu saa kwa siku tano. Atembeaye kwenda msikitini na kurudi amekwisha kupata fungu lake, pamoja na thawabu.

Dawa ya nne ni kukipa chakula adabu yake. Kula kwa saa zinazojulikana, umeketi, kwa Bismillahi, pamoja na watu wako katika sinia moja, bila ya haraka. Shirika hilohilo la afya limeshauri sukari tunayotia katika chakula na vinywaji isizidi kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko vidogo kama 12. Mwenye kunywa vikombe vitatu vya chai vya vijiko vinne amekwisha kuumaliza mpaka huo, kabla ya soda na biskuti. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Ongeza mboga, maharage, na samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa wanapopatikana. Awezaye na afunge Jumatatu na Alhamisi, kwani saumu humfundisha mtu kuwa tamaa huja na kupita. Lakini mwenye kisukari, au mwenye kutumia dawa, asifunge bila ya kumwuliza daktari.

Twasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na Sala na Salamu zimfikie Mtume Wake.

Ndugu Waislamu, yaliyotangulia yalikuwa wajibu wa mtu juu ya nafsi yake. Limebaki la jamaa na jirani, nalo ni zito zaidi. Yule mama mjane tuliyemtaja, nani alibisha hodi kwake wiki ya sita? Tumekuwa hodari wa matanga, lakini baada ya matanga tunasahau. Sisi Waislamu wa uwanda huu tu wachache, na jirani zetu wengi ni Wakristo. Haifai mfiwa wa dini yoyote akae peke yake wakati moshi wa nyumba yetu unaonekana kutoka kwake. Mpelekeeni uji, mkae mle naye. Mwiteni katika darasa la akina mama. Mpeni kitoto cha kumfundisha alifu na bee. Mtu mwenye kungojewa mahali hana nafasi ya kuongea na sufuria.

Tena tunakukatazeni kwa nguvu kejeli. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Msimwite mtoto wala mke kwa unene wake. Aibu haimtoi mtu jikoni. Humfanya ale kwa kujificha. Na enyi wazazi, mtoto anapolia kwa kuanguka au kwa kukemewa, msimzibe mdomo kwa peremende kila mara. Mpakateni, mwulizeni. La sivyo mtakuwa mmemfundisha tangu utoto kuwa dawa ya moyo ni sukari.

Enyi wanafunzi, wakati wa mtihani laleni, nywineni maji, soma mwenzi na mwenzie, tokeni nje mkanyoshe miguu. Na yeyote aonaye kuwa hawezi kujizuia, anakula mpaka anaumwa, au hujitapisha kwa siri, au huzuni haimwachi wiki baada ya wiki, basi aende kituo cha afya au hospitali ya mkoa hapo Sumbawanga akaeleze. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na maradhi ya moyo wenye huzuni ni maradhi kama mengine.

Ewe Mola wetu, tunajikinga Kwako na hamu na huzuni, na udhaifu na uvivu. Ewe Mola, turuzuku kilicho halali na chema, na utujaalie tukile kwa kiasi na kwa shukrani. Wafariji wafiwa wetu, waponye wagonjwa wetu, wakuze watoto wetu kwa afya, ubariki mashamba yetu na bei ya jasho letu. Zishibishe nyoyo zetu kwa kukukumbuka Wewe. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Mola wenu anaamrisha uadilifu na wema na kuwapa jamaa wa karibu. Basi mkumbukeni, naye atakukumbukeni. Simamisheni Sala.