Hotuba juu ya Dawa za Moyo Uendao Ovyo



Tumeombwa tuseme habari za dawa za moyo, nasi twapenda kuanza na uvumi, kwa kuwa uvumi huwaachisha wagonjwa dawa upesi sana. Wako wasemao ya kuwa kidonge kiitwacho wafarini, wapewacho watu ambao moyo wao hupiga bila mpango, ni sumu ya panya. Mgonjwa akiisha kuambiwa neno hili na jirani jioni, asubuhi vidonge vimekwisha kutupwa chooni. Sisi hatukuja mbele yenu kusema ya kuwa uvumi huo ni uwongo mtupu. Una kweli ndani yake, na ni afadhali muijue kweli hiyo nzima kuliko kuijua nusu.

Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa sehemu za kaskazini za Marekani walianza kufa kwa kutokwa na damu. Ng'ombe akikatwa pembe, damu haikomi. Dume akihasiwa, hafiki kesho. Ilionekana ya kuwa wamelishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alimpelekea mtaalamu Karl Paul Link mtamba aliyekufa, pamoja na chombo cha maziwa kilichojaa damu isiyoganda. Link na wenzake walifanya kazi miaka sita, hata mwaka 1939 wakakipata kile kitu kilichomo katika majani yale. Kutokana na kitu hicho wakatengeneza wafarini, ambayo mwaka 1948 ilianza kuuzwa kuwa sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa Marekani kuwa dawa ya wanadamu. Rais Eisenhower alipougua moyo mwaka 1955, dawa aliyopewa ilikuwa hiyo hiyo.

Basi ni kitu kimoja, wala hatufichi. Lakini panya hula siku baada ya siku, wala hakuna ampimaye damu. Mtu hupewa miligramu chache, akapimwa, akaongezwa au akapunguzwa, akapimwa tena. Anayemeza bila kupimwa amejitoa mwenyewe katika hali ya mgonjwa na kujitia katika hali ya panya.

Mtauliza, kwa nini mtu apewe dawa kali namna hii? Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika ugonjwa huu vyumba vya juu hutetemeka tu badala ya kukaza vema, na mapigo hayana utaratibu: mawili ya haraka, kisha kimya, kisha moja, kisha matatu. Mwingine husikia kifua kikidunda na pumzi zikawa fupi. Mwingine hasikii neno. Damu iliyotuama katika vyumba vile huweza kuganda, na donge likitoka huko laweza kwenda mpaka ubongoni. Hicho ndicho kiharusi. Watu huamka na kumkuta mzee mdomo umepinda na mkono hauinuki, wakasema ametupiwa kitu. Mwenye ugonjwa huu wa moyo yu katika hatari ya kupata kiharusi kama mara tano kuliko mwenziwe asiye nao.

Sasa angalieni jambo ambalo wengi hulikosea. Wafarini haitengenezi mapigo ya moyo. Kazi yake ni kuzuia damu isigande upesi, basi. Zipo dawa nyingine za kupunguza mbio za moyo, kama atenololi na digoksini. Mgonjwa asiyeelezwa hayo huona moyo bado waenda ovyo, akasema dawa haifai, akaiacha. Na mwingine hujiona mzima, naye akaiacha, kwa kuwa amezoea dawa ya malaria imezwayo siku tatu ikaisha. Dawa hizi si za namna hiyo. Mara nyingi ni za maisha, na siku mtu ajionapo mzima ndiyo siku ya kuendelea nazo.

Kipimo cha damu huitwa INR, na kwa wagonjwa wengi yatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka chini, hatari ya donge yarudi. Kikipanda juu mno, damu huweza kutoka ndani ya mwili bila mtu kujua. Mwanzoni mgonjwa hupimwa mara nyingi, na kipimo kikitulia hupimwa baada ya wiki kadha. Hapa twasema na ninyi machifu. Safari ya kwenda kupimwa ni nauli na ni siku nzima ya kazi iliyopotea, na mkulima huona kama anakwenda kutobolewa kidole bure. Tafadhali mtu mwenye siku ya kupimwa asiitwe barazani siku ile, wala asihesabiwe kuwa mvivu, na jamaa zake waambiwe wamsaidie nauli. Sisi twaona ya kuwa kidonge na kipimo ni dawa moja, na anayelipia kidonge akaacha kipimo hajanunua nusu ya dawa, bali amenunua hatari.

Walimu, ninyi mna kazi ya kusoma. Msiwafundishe watu kutambua wafarini kwa rangi. Kidonge cha rangi ya waridi kitokacho Uingereza huwa miligramu 5. Cha rangi hiyo hiyo kitokacho Marekani huwa miligramu 1. Soma tarakimu, tena soma kila mara pakiti mpya ifikapo. Vivyo hivyo digoksini iliyoandikwa miligramu 0.25 na ile iliyoandikwa mikrogramu 250 ni kipimo kimoja, ijapokuwa mtoto wa darasa la hesabu ndiye aonaye hayo upesi kuliko baba yake. Wafarini na imezwe saa moja ile ile kila siku, na yafaa jioni. Aliyesahau, akikumbuka siku ile ile na ameze. Akikumbuka kesho yake, asimeze viwili kufidia, ila aandike siku aliyoikosa amwonyeshe daktari.

Dukani ndiko kwenye mtego mkubwa. Mtu mgongo wamwuma baada ya kulima, ananunua aspirini, au ibuprofeni, au diklofenaki. Dawa hizo pamoja na wafarini huweza kuleta damu tumboni. Flagyl na Septrin, ambazo watu wetu humeza kama njugu kwa ajili ya kuhara na kikohozi, huongeza nguvu ya wafarini. Na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huipunguza mno. Haina maana ya kuwa mwenye moyo asitibiwe maradhi mengine. Maana yake ni kwamba neno la kwanza atakalosema kwa mtoa dawa ye yote liwe hili: mimi nameza wafarini. Aseme hivyo pia kwa mganga wa miti shamba, na kwa mchanja chale, maana damu yake haikomi upesi. Tena watu wetu hupenda sindano, na hudhani asiyedungwa hakutibiwa. Lakini sindano ya matakoni kwa mtu huyu yaweza kuvuja damu ndani ya mnofu, kwa hiyo asidungwe kabla mdungaji hajajua.

Na mboga? Mchicha, sukuma wiki na kisamvu zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya wafarini. Wengine wakisikia hayo huacha mboga kabisa, na hilo ni kosa. Linalotakiwa ni kula kwa kadiri moja. Shida yetu sisi wa mashamba ni ya majira: wakati wa mvua mboga ni tele, wakati wa kiangazi hazionekani, na damu hubadilika pamoja na chungu. Mgonjwa na amwambie daktari chakula chake kimebadilika. Pombe nyingi ya siku ya arusi nayo huharibu kipimo.

Digoksini ina hadithi yake. Asili yake ni mimea iitwayo digitalis. Daktari William Withering wa Uingereza alisikia habari za dawa ya majani aliyoitumia bibi mmoja wa Shropshire, akaichunguza miaka kumi, na mwaka 1785 akatoa kitabu juu yake, akionya zaidi ya yote kwamba kipimo kisizidi. Onyo hilo bado lasimama. Dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo, na mzee ambaye figo zake zimechoka huikusanya ndani. Akikosa hamu ya chakula, akatapika, au akaona vitu kuwa vya manjano, asidhani ni malaria. Mwenye saa na ahesabu mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya 60, aulizwe daktari kabla ya kidonge kingine.

Mtasikia pia habari za vidonge vipya visivyohitaji kupimwa damu kila mara. Ni vizuri kwa wengi. Lakini wako wagonjwa wetu, hasa vijana, ambao milango ya moyo wao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi itokanayo na koo lililouma utotoni bila kutibiwa. Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi uitwao INVICTUS, wa watu 4,531 wa namna hiyo katika nchi 24, nao ulionyesha ya kuwa waliomeza dawa za jamii ya wafarini walikufa wachache kuliko waliopewa mojawapo ya vidonge vipya. Basi kijana wa namna hii asimwonee wivu mjomba wake wa mjini, wala asibadilishane naye vidonge. Na mwalimu aonaye mtoto mwenye homa na koo limevimba na ampeleke zahanati, asingoje apone mwenyewe.

Kina mama, jambo hili lawahusu sana. Wafarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi ya kwanza. Mwanamke atumiaye dawa hii na amwone daktari kabla ya kutaka mimba. Na akikosa siku zake, aende wiki ile ile. Asiache dawa mwenyewe kwa siri, maana moyo hautangoji.

Tena kila mgonjwa na awe na karatasi mfukoni yenye majina ya dawa zake na kipimo cha mwisho. Ufizi ukitoka damu isiyokoma, choo kikiwa cheusi kama lami, mkojo ukiwa mwekundu, au mtu akianguka na kujigonga kichwa hata kama hakuna jeraha, au kichwa kikimwuma ghafula kuliko desturi, asingoje kupambazuke. Na apelekwe hospitali usiku ule ule, na karatasi yake mkononi.