ALIYE JUU HUINAMA

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni
Masomo: Zaburi 113, Waebrania 13:1-3



Leo twataka kuwasimulia safari fupi tuliyoifanya angani, na safari nyingine ndefu tuliyoifanya kwa miguu baada yake. Ya kwanza ilitufurahisha. Ya pili ilitufundisha.

Ninyi wenyeji wa Migori na Homa Bay mwajua ya kuwa helikopta si kitu kigeni kwetu. Huja siku za kampeni, na huja siku za mazishi ya wakubwa. Ikisikika tu, watoto hutoka mbio, akina mama hushika vitambaa vyao visichukuliwe na upepo, na kuku hutawanyika. Lakini kuitazama ni jambo moja, na kuipanda ni jingine. Sisi tulikuwa hatujaipanda kamwe, hata mwezi wa Mei mwaka 2024, ndugu mmoja mzaliwa wa parishi yetu, afanyaye kazi mbali, alipokuja kumshukuru Mungu kwa kuponywa ugonjwa mkubwa. Alikodi helikopta kwa kuwa mvua ilikuwa imeharibu barabara. Baada ya ibada na chakula alituambia, "Mchungaji, rubani ana nafasi. Nendeni mkaione nchi yenu kama Mungu aionavyo."

Tukapanda watatu: mchungaji, mzee mmoja wa kanisa, na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama aliyezaliwa upande wa Kendu Bay. Nchi ikashuka chini yetu. Kanisa letu, ambalo twalilipia mabati mwaka wa tano sasa, likawa dogo kama kiberiti.

Rubani alituchukua kwanza upande wa magharibi, kuufuata Mto Kuja uendao ziwani. Jua lilikuwa limetoka, na bonde lote la chini lilikuwa liking'aa kama kioo. Tukasema, "Tazameni, jinsi kunavyopendeza!" Yule mama hakusema kitu kwa kitambo. Kisha akauliza, "Mbona mapaa yale yamo majini?"

Tukatazama tena. Kweli, yalikuwa mapaa ya nyumba. Mistari ile tuliyoisifu ilikuwa ncha za mahindi. Mzee wa kanisa akakitaja kijiji kile kwa jina, na alipokitaja tukatazamana. Sababu ya kutazamana tutaieleza mbele kidogo.

Kutoka hapo tuligeukia kaskazini, tukapita juu ya Thimlich Ohinga. Hayo ni maboma ya mawe ambayo wazee wetu waliyajenga bila udongo wala saruji, jiwe likishikwa na jiwe. Yadhaniwa kuwa yalijengwa tangu karne ya 16, na mwaka 2018 yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake nyingine zafika mita 4 kwenda juu. Kutoka angani yaonekana kama pete zilizodondoshwa nyikani. Lakini milango hatukuiona. Twaijua milango ile kwa kuwa tuliwahi kwenda pale kwa miguu pamoja na vijana wa Kipaimara. Ni mifupi na myembamba, nayo ilifanywa hivyo makusudi, adui asiweze kuingia akiwa amesimama wima. Kila aingiaye sharti ainame. Asiyeinama hugongwa na jiwe, nasi tuligongwa.

Tukavuka Bonde la Lambwe, iliko Mbuga ya Ruma, mahali pekee katika Kenya ambapo bado wapo wale swala wakubwa waitwao korongo. Tukaupita mji wa Homa Bay na kile kilima cha Asego kilichochongoka kama chungu kilichofunikwa. Ndipo tukafika Kendu Bay, na mama yule akapiga kelele kama mtoto: "Simbi! Simbi ile!"

Ndugu, uzuri wa Simbi Nyaima kutoka juu hatuwezi kuusimulia wote. Hapa ni Ziwa Victoria, pana na la rangi ya udongo kwa mvua. Na pale, karibu kabisa nalo, ni ziwa dogo la mviringo, la kijani kibichi, kama jicho lililofunguliwa. Hakuna mto uingiao wala utokao. Maji yake ni ya magadi, na kina chake chapita mita 20. Ndege aina ya heroe walikuwa wamejipanga ukingoni kama uzi wa waridi. Wataalamu wasema shimo lile lilitobolewa na moto wa volkano zamani sana.

Lakini wazee wa Karachuonyo wana habari yao. Jina lenyewe kwa Kiluo lasema juu ya kijiji kilichozama. Husimulia kwamba palikuwa na kijiji pale, na usiku mmoja watu walikuwa katika karamu, wakinywa na kucheza ngoma. Akaja bibi kizee, amechoka, ana njaa, akaomba mahali pa kuketi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Bibi kizee akamwonya aondoke, na usiku ule maji yakapanda yakakimeza kijiji, na ngoma na vyungu na wachezaji.

Mama yule alitusimulia habari hiyo huku tukizunguka juu ya maji. Alipoimaliza, hakuna aliyesema neno. Sasa twawaeleza kwa nini.

Siku ya Ijumaa, kabla ya ile ibada ya shukrani, bibi kizee mmoja alikuja nyumbani kwa mchungaji jioni. Alitoka katika kijiji kile kile tulichokiona majini. Alikuwa na mjukuu mgongoni na miguu yake ilikuwa na matope hadi magotini. Akasema maji yameingia nyumbani kwake. Sisi watatu tulikuwa uani tukihesabu viti na kupanga mahali pa kusimamisha hema. Hatukumtukana, wala hatukumfukuza. Tulimwambia kwa upole, "Mama, kesho tuna wageni wengi. Rudi Jumatatu tukusikilize vizuri." Akaitika, akageuka, akaenda. Hata maji ya kunywa hatukumpa. Tukaendelea kuhesabu viti.

Wapenzi, yule ndugu alituambia twende tukaione nchi kama Mungu aionavyo. Alisema kwa wema. Lakini je, tuliona kama Mungu aonavyo? Kumbukeni kwamba hata mjaribu alimchukua Bwana wetu juu ya mlima mrefu, akamwonyesha milki zote na fahari yake, kama tusomavyo katika Mathayo sura ya 4. Kutoka pale juu kila kitu chang'aa. Mgonjwa haonekani, wala mjane hasikiki. Mafuriko huonekana kama kioo. Kuwa juu, basi, si kuwa karibu na Mungu.

Zaburi ya 113 yatupa habari nyingine. Yasema Bwana yuko juu kuliko mataifa yote na kuliko mbingu, kisha yasema jambo la ajabu: huyo aliye juu hivyo huinama. Huinama atazame, na akiisha kutazama hunyosha mkono, akamwinua maskini kutoka mavumbini na kumketisha pamoja na wakuu. Katika Kutoka sura ya 3 aliyaona mateso ya watu wake, akasikia kilio chao, akashuka. Na mwisho alishuka kabisa, akazaliwa katika Bethlehemu mahali pasipokuwa na nafasi, na usiku ule wa mwisho akainama miguuni pa wanafunzi wake akiwa na beseni. Kuona kwa Mungu kuna magoti ndani yake.

Hapa yatupasa kusema neno moja wazi, asije mtu akapotoka. Watu wa Kuja hawakupigwa na maji kwa sababu ya dhambi zao. Mvua hunyesha katika milima ya Kisii, mto huibeba yote hadi tambarare ya Nyatike, na ziwa likiwa limejaa, maji hayana pa kwenda. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko lilivyopata kuonekana tangu miaka ya 1960, na mwaka 2024 likapanda tena. Bwana wetu alipoulizwa juu ya wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwahesabu kuwa wabaya kuliko wengine. Tena angalieni: katika habari ya Simbi maji yaliwapata waliomfukuza mgeni. Katika habari yetu maji yalimpata yeye aliyebisha hodi, nasi tulikuwa wakavu. Basi ni nani aliyekuwa katika hatari kubwa zaidi mbele za Mungu?

Jumatatu bibi yule hakuja. Jumanne asubuhi tukaondoka watatu wale wale kumtafuta. Pikipiki zilitufikisha mwisho wa barabara, kisha tukavua viatu. Mahali ambapo helikopta ilipapita kwa dakika chache, sisi tulipatembea saa nne. Kutoka chini maji yale hayakung'aa. Yalinuka, na ndani yake mlikuwa na mizoga ya mbuzi na daftari za shule.

Tulimkuta kwa binti yake, mahali palipoinuka, katika kibanda cha nyasi. Mlango ulikuwa mfupi. Tukainama, tukaingia.

Yeye ndiye aliyetangulia kusema: "Karibuni, wanangu. Mmelowa. Ketini kwanza." Akamwambia binti yake alete uji. Uji wenyewe ulikuwa kidogo, nasi tuliona watoto wakiutazama. Tukamwomba msamaha. Mzee wetu wa kanisa hakuweza kumaliza maneno. Bibi akajibu, "Si neno. Mlikuwa na wageni." Hakusema kwa uchungu, na kwa sababu hiyo ilituchoma zaidi.

Tuliinywa ile bakuli moja sisi watatu kwa zamu. Waebrania 13 hutukumbusha kwamba wako waliofungua mlango wakaingiza wajumbe wa Mungu bila kujua. Sisi tuliufunga mlango, kisha mjumbe yule akatufungulia wake.

Jioni ile ukumbi wa kanisa ulifunguliwa. Mikeka ililetwa, akina mama wa Umoja wakaweka sufuria, na familia kumi na moja zikalala pale hadi maji yalipopungua. Si jambo la kujisifia, maana lingeweza kuanza Ijumaa.

Ndugu msikilizaji, huenda hutapanda helikopta maisha yako yote. Lakini kila mmoja wetu ana mahali pake pa juu. Karani ana dirisha lake, mwalimu ana meza yake, mwenye duka ana daftari lake la madeni, na sisi wahubiri tuna mimbari. Kutoka pale watu huonekana wadogo, na neno "rudi Jumatatu" hutoka kwa urahisi. Leo, kabla jua halijatua, mtu atabisha hodi kwako. Shuka. Inama. Mlango ni mfupi, lakini Bwana alitangulia kuupita.

Na tuombe. Ee Bwana uliye juu sana, wewe uliinama ukatuona. Utusamehe wageni tuliowarudisha. Wakumbuke walalao nje kwa sababu ya maji, wa Nyatike na wa pwani zote za ziwa letu. Utupe macho yashukayo na miguu iyafuatayo macho hayo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.